Tokeni Mbili Ndani ya Droo Moja
(Mhadhara kwa waagizaji wa bidhaa, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Najua wengi mmefunga maduka mapema ili mfike hapa, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye kilichonileta.

Nimekaa miaka kumi na miwili kwenye dawati la malipo ya nje katika benki. TT, yaani fedha zinazotumwa nje kupitia benki, za kwenda Guangzhou, Yiwu, Dubai na Mumbai zimepita mezani kwangu kila siku ya kazi. Zamani mwagizaji alikuja kaunta na fomu mkononi, nami nikamuuliza, "Mzee, huyu mpokeaji ni yule yule wa mwezi uliopita?" Siku hizi unakaa dukani, unafungua mfumo wa benki kwenye kompyuta, unajaza, unaidhinisha, fedha imeondoka. Ni nafuu kubwa, na sitaki mtu yeyote arudi kupanga foleni. Lakini lile swali la kaunta limebaki bila mwenyewe. Nimekuja kuwaomba mlichukue ninyi.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachosafiri. Dola zako haziendi China ndani ya waya. Kinachokwenda ni ujumbe. SWIFT ilianzishwa Ubelgiji mwaka 1973, ikaanza kupitisha ujumbe mwaka 1977, na mpaka leo kazi yake ni hiyo: kubeba maagizo kati ya benki na benki. Benki yako ina akaunti ya dola katika benki kubwa ya nje, mara nyingi New York. Benki ya yule muuzaji wa China nayo ina ya kwake huko. Huyu anapunguziwa, yule anaongezewa. Ndiyo maana malipo ya kutoka Kariakoo kwenda Guangzhou yanapita Marekani, na ndiyo maana mnalalamika kwamba umetuma dola 10,000 zimefika pungufu: benki ya katikati imekata chake. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua nani alipe makato. Ukichagua OUR, makato yote ni juu yako. SHA, mnagawana. BEN, anakatwa mpokeaji. Someni mkataba wenu na muuzaji kabla ya kubofya, maana mzigo wa watu umewahi kuzuiliwa kwa upungufu wa dola 25.

Hilo la makato ni dogo. Kubwa ni hili: unapojaza jina la mpokeaji na namba ya akaunti, unadhani vitu hivyo viwili vinalindana. Katika nchi nyingi benki inayopokea huingiza fedha kwa kufuata namba. Ukiandika jina la kiwanda unachokijua juu ya namba ya mwizi, usitegemee kwamba mashine itashtuka. Hata IBAN ya Dubai, yaani namba ya akaunti ya mtindo wa kimataifa, yenye herufi na tarakimu 23 zinazoanza na AE, zile tarakimu mbili baada ya AE zinakamata makosa ya kuandika tu. Zinakwambia namba imeandikwa sawasawa. Akaunti ni ya nani, hazikwambii.

Nina mteja mmoja, muuza vigae. Alinunua kwa kiwanda kimoja cha Foshan, China, kwa miaka minne bila tatizo lolote. Siku moja ya Ijumaa ikaja baruapepe: akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, malipo ya safari hii yaelekezwe kwenye hii nyingine. Profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, imeambatishwa, muhuri ule ule, saini ile ile, hata mzaha wa kawaida wa yule dada wa mauzo ulikuwepo, kwa sababu mwizi alikuwa amekaa ndani ya barua zao wiki kadhaa akizisoma. Tofauti ilikuwa kwenye anwani ya mtumaji. Penye herufi m paliwekwa r na n zilizobanana. Kwenye kioo cha simu huwezi kuzitenganisha. Nilipoonyeshwa baadaye nilisogeza karatasi mpaka karibu na pua ndipo nikaziona.

Na akaunti mpya ilikuwa Ulaya, katika nchi ambayo kiwanda kile hakikuwa hata na ofisi.

Mfumo wa benki kwa makampuni umewekwa watu wawili kwa sababu hii hii. Mmoja ni mwandaaji, anajaza. Wa pili ni mwidhinishaji, anakagua na kuruhusu, kila mmoja na tokeni yake, kile kifaa kidogo kinachotoa namba za siri za kuidhinishia, na nywila yake. Lakini mwenye duka alikuwa mtu wa bandarini kutwa, kwa hiyo tokeni yake aliiacha kwenye droo ya karani, pamoja na nywila kwenye kikaratasi. Karani aliandaa malipo saa tisa na dakika arobaini alasiri, akihofia benki itafunga malipo ya siku saa kumi. Yakaidhinishwa saa tisa na dakika arobaini na mbili. Dola 38,400. Yalipofika kwangu nikaona saini mbili, nikaamini nimeona watu wawili. Nikayapitisha. Jambo hilo bado linaniuma.

Msidhani ni ujinga wa wenye maduka. Februari 2016 wezi waliingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo 35 ya malipo kwa Federal Reserve Bank ya New York, ilikokuwa akaunti yake ya dola, jumla karibu dola milioni 951. Walituma Alhamisi usiku, kwa kuwa Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi, New York Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu yake ilikuwa sikukuu Ufilipino. Matano yalipita. Milioni 81 zilikwenda Ufilipino. Milioni 20 za Sri Lanka zilirudi, kwa sababu jina la mpokeaji lilikosewa, neno "foundation" likaandikwa "fandation", na mtu akasimama akauliza. Mtu tu, mwenye macho.

Kwa hiyo naomba haya. Mwidhinishaji akae na tokeni yake mfukoni, hata akiwa Yiwu. Asiidhinishe kwa kutazama kiasi peke yake. Aifungue profoma mwenyewe, asome namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu, ailinganishe na ya malipo yaliyopita. Akaunti ikibadilika, pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya, na mmsikie mtu mnayemjua sauti. Simu ya kwenda China ni bei ndogo sana kwa konteina nzima.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza: ikishaondoka je? Mama, usisubiri kesho. Piga benki dakika ile ile, omba malipo yasimamishwe na yarudishwe, na uwape ile namba ya ufuatiliaji yenye alama 36. Ikiwa fedha bado iko benki ya katikati, kuna nafasi. Ikishaingia kwenye akaunti, kwa kawaida benki ya huko haiirudishi bila ridhaa ya mwenye akaunti au amri ya kisheria. Muuza vigae aligundua Jumatano. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja: salio la akaunti, dola 212.

Sasa toeni simu zenu. Kila mmoja afungue profoma yake ya mwisho, atafute namba ya SWIFT ya benki ya muuzaji, ahesabu mpaka herufi ya tano na ya sita. Hizo mbili ni nchi. CN ni China. HK ni Hong Kong. Wauzaji wengi wa China wana akaunti huko kwa haki kabisa, ila kama mwezi uliopita ilikuwa CN, ulizeni. AE ni Falme za Kiarabu. Mwenye herufi asizozitarajia asione haya, aje na simu yake hapa mezani tuisome pamoja. Naanza na wewe, kaka, wa shati la buluu.