Namna ya Kufuatilia Raundi ya Sataranji ya Daraja la Juu, Toka Jedwali Mpaka Kupeana Mikono

Karibuni sana, watazamaji. Leo tunajifunza kufuatilia raundi moja ya mashindano makubwa ya sataranji, yale yanayokutanisha magrandmasta wa daraja la juu kabisa duniani. Wengi hufungua matangazo, wakaona watu wawili wameinamia ubao nusu saa nzima bila kugusa kete, kisha wakafunga. Siwalaumu. Hakuna aliyewaonyesha pa kutazama, na katika sataranji pa kutazama hubadilika kadiri saa zinavyokwenda.

Tutatumia raundi ya kweli ili tusizungumze hewani: raundi ya 14, ya mwisho, ya Mashindano ya Wagombea yaliyofanyika Toronto, Kanada. Ilichezwa tarehe 21 Aprili 2024. Mshindi wa mashindano haya ndiye anayepata haki ya kumkabili bingwa wa dunia. Mapambano yote yamehifadhiwa mtandaoni bila malipo, kwa hiyo simamisha video hii, yafungue, kisha tuendelee pamoja.

Kwanza kabisa, usitazame ubao. Tazama jedwali. Kushinda ni pointi 1, sare ni nusu, kupoteza ni sifuri. Toronto walikuwa wachezaji 8, kila mmoja akikutana na mwenzake mara mbili, mara moja kwa kete nyeupe na mara moja kwa nyeusi. Kabla ya raundi ile ya mwisho, Gukesh Dommaraju wa India, kijana wa miaka 17, alikuwa na pointi 8.5. Nyuma yake walikuwepo watatu wenye 8 kila mmoja: Hikaru Nakamura na Fabiano Caruana, wote wa Marekani, pamoja na Ian Nepomniachtchi. Ratiba ikasema Nakamura acheze na Gukesh, Caruana acheze na Nepomniachtchi. Wote wanne walioweza kutwaa nafasi ya kwanza walikuwa wanakabana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa shika kalamu upige hesabu. Gukesh akitoka sare anafika 9, na Nakamura anaishia 8.5, basi, safari yake imekwisha. Kule kwingine, mmoja akishinda naye anafika 9, na lazima yeye na Gukesh wacheze mapambano ya haraka ya kuamua. Wakitoka sare, wote wawili wanabaki 8.5 na Gukesh anabeba peke yake. Umeona? Kwa Gukesh sare ilikuwa mali. Kwa wale watatu wengine sare ilikuwa msiba. Ukijua hilo kabla ya hatua ya kwanza, kila utakachokiona baadaye kitakuwa na maana. Utaelewa kwa nini mtu mwenye kete nyeusi, ambaye siku nyingine angeridhika kabisa na nusu pointi, leo anakataa njia salama na kuuchafua ubao kwa makusudi. Mimi naamini dakika kumi za kusoma jedwali zina faida kuliko saa nzima ya kusikiliza wachambuzi.

Usisahau kusoma kanuni za mashindano yenyewe, kwa sababu hazifanani. Kule Norway Chess, kwa mfano, ushindi wa pambano refu ni pointi 3, na wakitoka sare hawaondoki ukumbini: wanacheza pambano moja fupi la kuamua, ambalo mwenye kete nyeusi ana muda mchache zaidi lakini sare inahesabiwa ushindi wake. Ukiyatazama hayo kwa macho ya Toronto utapotea.

Pili, fungua mahali pa kutazamia. Lichess, tovuti ya sataranji, wana sehemu ya matangazo inayoonyesha mbao zote za raundi bila malipo na bila kujiandikisha. Chess.com nao wana ukurasa wao wa mashindano. Kwa picha na sauti, shirikisho la dunia, FIDE, hurusha mashindano yake makubwa kwenye YouTube. Mimi hupenda kuweka madirisha mawili: moja la video, moja la ubao ninaoweza kuusogeza mwenyewe. Saa ya kuanza huandikwa kwa saa za mji wa mashindano, hivyo ibadilishe mapema iwe saa ya ulipo.

Kuna mambo mawili ya kitaalamu yatakayokuchanganya usipoyajua. Baadhi ya mashindano hurusha hatua kwa kuchelewa, mara nyingi dakika 15, ili mtu wa nje asiweze kumsaidia mchezaji aliye ndani. Kwa hiyo unachokiona kinaweza kuwa kimeshapita. La pili: mbao zenyewe ni za kielektroniki, zinasoma kete ilipo na kutuma hatua moja kwa moja. Pambano likiisha, wachezaji huweka wafalme katikati ya ubao kuashiria matokeo. Wafalme wote kwenye miraba myeupe, nyeupe kashinda. Wote kwenye miraba myeusi, nyeusi kashinda. Mmoja huku mmoja kule, sare. Basi ukiona mfalme ameruka ghafla toka pembeni mpaka katikati, usishtuke. Pambano limekwisha.

Herufi tuzipitie haraka. K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, hakina herufi, huandikwa mraba kinapokwenda tu. Alama ya x ni kula, na + ni mfalme kutishiwa. Zinatosha kwa leo.

Tatu, na hapa ndipo nakuomba unisikilize vizuri: funika mstari wa kompyuta. Ule mstari mweupe na mweusi ulio kando ya ubao, unaopanda na kushuka. Kwenye Lichess unaweza kuuzima. Kwenye video huwezi, basi bandika kipande cha karatasi kwenye skrini. Sisemi hauna kazi, tutaufunua baadaye. Lakini ukiuacha wazi toka mwanzo, macho yako yatahamia pale na hayatarudi kwenye ubao. Utajua nani anaongoza bila kujua kwa nini, na ile furaha ya kufikiri pamoja na wachezaji utakuwa umeikosa.

Mstari umefunikwa? Haya, tazama saa za wachezaji. Toronto kila mmoja alipewa saa 2 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 kwa zilizobaki, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua ilianza kutoka hatua ya 41. Maana yake, kabla ya hatua ya 40 hakuna nyongeza yoyote. Muda ukiisha umepoteza, hata kama ubao ulikuwa wako.

Mwanzoni hatua huja mbio mbio. Hatua kumi, kumi na tano, saa haijasogea. Hapo hawafikiri, wanakumbuka. Ni kazi waliyoifanya nyumbani na wasaidizi wao na kompyuta zenye nguvu. Kinachotakiwa ni kumtafuta anayesimama wa kwanza. Mmoja ametumia dakika 4, mwenzake ghafla anakaa dakika 25 juu ya hatua moja. Hapo ndipo maandalizi ya mmoja yamekwisha na ya mwenzake bado yanaendelea. Andika namba ya hatua hiyo. Mara nyingi habari ya pambano zima huanzia pale.

Sasa chagua ubao mmoja. Usirukeruke kwenye mbao zote nne au saba. Chagua ule ambao jedwali linamlazimisha mtu kushinda, na mwingine uuache pembeni uuchungulie mara moja moja. Kwa raundi yetu mimi nachagua Caruana na Nepomniachtchi, kwa sababu wote wawili walihitaji ushindi, na jambo hilo ni adimu sana.

Mchezaji anapoingia kwenye fikra ndefu, nawe ingia. Jiulize maswali matatu tu. Mfalme yupi hayuko salama? Kete ipi haina kazi? Kama ningekuwa mimi, ningesogeza nini? Taja hatua yako kwa sauti au iandike, kabla hajacheza. Ukikosea hakuna hasara. Ukipatia hatua aliyoicheza mmoja wa wachezaji bora duniani, utasikia raha ambayo mstari wa kompyuta hauwezi kukupa. Wachambuzi wakianza kuonyesha mishale ya rangi rangi, punguza sauti mpaka umalize kujibu.

Saa ya tatu na ya nne tangu mchezo uanze ndiyo moyo wa raundi. Tazama namba mbili kwa pamoja: hatua zilizobaki kufika 40, na dakika zilizobaki. Mtu mwenye hatua 10 za kucheza na dakika 5 yuko kwenye moto. Utaona mkono unakwenda haraka, utaona karatasi ya kuandikia hatua imeachwa, maana pasipo nyongeza ya sekunde 30, kanuni zinamruhusu mwenye chini ya dakika tano kuacha kuandika kwa muda. Hapa ndipo makosa ya wakubwa huzaliwa. Gukesh mwenyewe, katika raundi ya 7 ya Toronto, alibanwa na muda akapoteza kwa Alireza Firouzja. Ndilo pambano pekee alilopoteza pale.

Nne, sasa ufunue mstari. Namba unazoziona zinasomeka hivi: chanya ni nzuri kwa nyeupe, hasi ni nzuri kwa nyeusi, sifuri ni mizani sawa. Nyeupe huanza na faida ndogo kwa kuwa hutangulia, kwa hiyo +0.3 mwanzoni si habari. Ikivuka 1 ujue kuna hatari ya kweli. Ikifika 4 au 5, kompyuta inaona ushindi.

Lakini kompyuta inaona ushindi kwa nani? Kwa kompyuta nyingine. Wakati mwingine +3 ina njia moja tu nyembamba, hatua sita mfululizo zisizo na mbadala, na binadamu mwenye dakika 2 hazioni. Ndivyo ilivyokuwa kwa Caruana. Mstari ulimpa ushindi zaidi ya mara moja, ukamponyoka, ukarudi, ukamponyoka tena. Nakamura na Gukesh walikuwa wamekwisha kupeana mikono kwa sare, na Gukesh anasubiri. Pambano la Caruana na Nepomniachtchi likafika hatua ya 109, likaisha sare. Ukitazama mstari peke yake utasema Caruana kachezea bahati. Ukitazama ubao, saa, na uchovu wa wiki tatu, utamheshimu zaidi yeye na aliyemzuia. Gukesh akamaliza na pointi 9, kijana kuliko wote waliowahi kupata haki ya kugombea taji la dunia.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na mfano wake mzuri uko Singapore, tarehe 12 Desemba 2024. Gukesh anagombea taji la dunia na bingwa wa wakati huo, Ding Liren. Wako 6.5 kwa 6.5, pambano la 14, la mwisho la masaa marefu. Ubaoni kila mmoja ana ngome na askofu, ila Gukesh ana kitunda kimoja zaidi ya Ding. Kompyuta inaona sare. Ding akapeleka ngome mraba wa f2 akitaka wabadilishane ngome. Hatua inaonekana ya kawaida kabisa, ila askofu wake alikuwa amejibana kwenye kona ya a8. Ngome zikiondoka, Gukesh analazimisha na maaskofu waondoke, na kinachobaki ni wafalme na vitunda, ambapo kitunda kimoja cha ziada kinatosha kushinda. Mstari uliruka mara moja. Lakini tazama kamera ya uso: utamwona Gukesh akigundua, macho yakibadilika, kisha akajituliza ahakikishe kabla ya kugusa kete. Kwa wakati kama huo, acha ubao kidogo umtazame mtu.

Kuhusu sare, maana watu hulalamika sana. Mashindano mengi makubwa hayaruhusu wachezaji kukubaliana sare mapema, kwa kawaida kabla ya hatua ya 40. Ila hali ileile ikijirudia mara tatu ubaoni, sare inaweza kudaiwa wakati wowote. Kwa hiyo ukiona malkia anakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, usidhani wamechoka. Kila mmoja anamwambia mwenzake: ukitaka zaidi, wewe ndiye ubebe hatari. Rudi kwenye jedwali lako uone ni nani asiyeweza kumudu sare hiyo.

Raundi ikiisha, usifunge mara moja. Subiri mahojiano. Wachezaji wakiwa bado na ubao mzima kichwani husema walichokiogopa, na mara nyingi walichokiogopa hakikuwepo kabisa. Halafu fungua ile karatasi yako ya makisio, washa kompyuta, na upitie sehemu tatu tu: pale maandalizi yalipokwisha, pale ulipokisia hatua tofauti na iliyochezwa, na pale mstari uliporuka. Pambano zima hutalimaliza, na si lazima.

Kazi ya kufanya sasa hivi ni hii. Fungua Caruana na Nepomniachtchi wa Toronto, sogeza mpaka hatua ya 38, funika mstari, jipe dakika 3 kwa kila hatua mpaka ufike ya 45. Andika hatua zako kwenye maoni hapo chini, nami nitazisoma zote.