Mapenzi Bila Cheti: Viza ya Kumfuata Mwenza Ambaye Hamjafunga Ndoa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie viza ya mtu anayetaka kumfuata mwenza wake nje ya nchi, ilhali wawili hao hawajafunga ndoa. Jambo hili linawaumiza watu wengi kimyakimya. Mtu ameishi na mwenzake miaka, wanalea mtoto, wameuguza na kuzika wazazi pamoja, halafu anaulizwa cheti cha ndoa anajiona hana la kusema. Katika nchi nyingi analo la kusema, na sheria inamsikiliza. Lakini masharti hayafanani, na ushauri wa rafiki aliyefanikiwa kwenda Kanada unaweza kukuponza ukiomba kwenda Marekani.

Nianze na Marekani. Sheria yao haina viza ya makazi kwa mwenza asiye na ndoa. Iliyo karibu ni K-1, ya mchumba. Anayekuombea lazima awe raia. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu hawezi. Lazima muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kuomba, isipokuwa mpewe msamaha kwa sababu nzito, na ukishaingia nchini mnafunga ndoa ndani ya siku 90. Kwa hiyo kama hamna nia ya kuoana, au mmoja wenu bado anasubiri talaka, K-1 si viza yenu. Msiijaze fomu ile kwa kubahatisha.

Ulaya kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ujerumani, kwa mfano, haitoi viza ya familia kwa mwenza wa Mjerumani anayeishi kwao kama hawajaoana. Lakini mwenzako akiwa Mhispania aliyehamia Ujerumani, mambo yanabadilika, kwa sababu hapo sheria ya Umoja wa Ulaya inaingia. Agizo la 2004/38, ibara ya 3, linaitaka nchi irahisishe uingiaji wa mwenza aliye katika uhusiano wa kudumu uliothibitishwa ipasavyo. Kurahisisha maana yake si kwamba lazima upewe. Maana yake ni kwamba lazima wachunguze hali yako wewe binafsi, na wakikataa waseme kwa nini. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililieleza hilo mwaka 2012 katika kesi ya Rahman. Kwa hiyo kabla hujauliza mwenzako anaishi nchi gani, uliza pia ana uraia wa wapi.

Kanada inamtambua mwenza mliyeishi naye mfululizo kwa mwaka 1, hata kama mmoja wenu bado ana ndoa ya zamani kwenye karatasi, mradi yeye na wa ndoa hiyo wametengana kweli, na ninyi wawili mmeishi pamoja huo mwaka. Kwa mwenza peke yake, kwa kawaida mdhamini, yaani mwenzako aliyeko huko anayekuombea, hadaiwi kiwango cha chini cha kipato. Wapo tena wale ambao hawajaweza kuishi pamoja wala kuoana kwa kikwazo kilicho nje ya uwezo wao, pengine sheria ya nchi au vikwazo vya uhamiaji. Hao wamewekewa kundi lao, alimradi uhusiano una mwaka 1 au zaidi. Kundi hilo ni gumu. Ofisa atauliza kwa nini hamkuoana, na jibu la kwamba hatukuwa tayari halitoshi.

Uingereza imebadilika, na mabadiliko hayo nayafurahia. Hadi mwanzoni mwa 2024 wasiooana walitakiwa waonyeshe kwamba wameishi pamoja kwa miaka 2. Kuanzia 31 Januari 2024 kinachoulizwa ni kama mmekuwa katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka 2. Kama hamkuishi nyumba moja, mnaeleza sababu: kazi au masomo yaliwaweka mbali, au utamaduni wenu haukubali watu wakae pamoja kabla ya ndoa. Fikirieni ni watu wangapi waliheshimu wazee wao, kila mmoja akabaki kwao, kisha heshima ile ile ikageuka kuwa sababu ya kunyimwa viza. Sasa wana pa kusimama. Ila huko Uingereza fedha bado ni mtihani. Kipato cha mdhamini, kilichokuwa pauni 18,600 kwa mwaka tangu 2012, kilipandishwa Aprili 2024 hadi pauni 29,000. Mshahara wako wewe uliye nje hauhesabiwi. Akiba inahesabiwa, lakini mkitegemea akiba peke yake mnahitaji pauni 88,500 zilizokaa miezi 6. Naona kiwango hicho kinawatenganisha watu ambao hawana kosa lolote isipokuwa kipato kidogo, na nalisema hilo bila kuficha.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana hapo ndipo maombi yanaposimama au kuanguka. Ofisa hawezi kupima mapenzi. Anachoweza kupima ni alama ambazo maisha yenu yameacha kwa watu wengine: benki, mwenye nyumba, mwajiri, hospitali, shule ya mtoto. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Australia wameyapanga haya vizuri kuliko wote, na hata kama huendi huko nakushauri utumie mpango wao. Wanaangalia pande nne: fedha zenu, nyumba yenu, mnavyofahamika kwa watu, na mlivyojifunga ninyi kwa ninyi. Wanataka uhusiano wa miezi 12 kabla ya kuomba, ingawa sharti hilo huondoka mkiwa mmesajili uhusiano wenu katika jimbo linaloruhusu usajili huo.

Upande wa fedha, watu wengi hudhani lazima wawe na akaunti ya pamoja. Si lazima. Mtu anayemtumia mwenzake fedha kila mwezi, na mwenzake analipa kodi ya nyumba kwa fedha hizo, ana ushahidi mzuri kuliko akaunti ya pamoja iliyofunguliwa wiki moja kabla ya maombi. Karatasi iliyozaliwa wakati jambo linatokea, kwa sababu zake yenyewe, ina nguvu kuliko iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisa. Barua iliyokuja kwa jina lako kwenye anwani ileile anayotumia mwenzako miaka miwili iliyopita ni dhahabu. Mkataba wa pango wenye majina mawili ni dhahabu zaidi. Bima au mafao ambamo mmoja amemwandika mwenzake kuwa mrithi huonyesha dhamira kuliko barua ndefu ya mapenzi.

Kuhusu mazungumzo ya simu na WhatsApp: msipeleke kurasa elfu moja. Chagueni machache ya kila mwezi, yanayoonyesha mambo ya kawaida, nani anamchukua mtoto, nani analipa umeme, mgonjwa anaendeleaje. Picha za faragha msizitume kabisa. Hakuna sheria inayozidai, na mkishazituma hamjui zitasomwa na macho ya nani. Za familia na marafiki, zenye tarehe na mahali, zinatosha. Na kila kilichoandikwa kwa lugha isiyotumiwa na ofisi ile kipeleke kwa mtafsiri anayekubalika huko.

Kuna hatari moja ninayotaka tukae nayo kidogo, maana imewavunja wengi wasio na hatia. Ofisa hasomi maombi haya peke yake. Anaweza kufungua na yale ya zamani. Ulipoomba viza ya utalii au ya masomo, ulijibu nini ulipoulizwa kuhusu mwenza? Kuandika kwamba hujaoa si uongo pale fomu ilipouliza ndoa tu. Lakini kama iliuliza unaishi na nani, ukaandika peke yangu, na leo unasema mlikuwa mkiishi pamoja mwaka ule, eleza tofauti hiyo mwenyewe kwenye barua yako, mapema, kabla hawajakuuliza. Usijaribu kuifunika kwa uongo mwingine. Kanada, udanganyifu hukufungia mlango miaka 5. Marekani unaweza kukuzuia maisha, usipopata msamaha maalumu.

Kanada ina kifungu kingine kikali zaidi, kanuni ya 117(9)(d). Mtu akihamia huko bila kumtaja mwenza aliyekuwa naye, ili mwenza huyo naye achunguzwe na maofisa wa uhamiaji, kanuni hiyo inamzuia kumdhamini baadaye. Tangu 2019 kumekuwa na unafuu kwa baadhi yao, lakini usiutegemee. Wengi hunyamaza kwa kudhani kwamba mwenza asiye na cheti hahesabiki, au kwa kuogopa kuchelewesha safari. Kwa hiyo wewe ambaye mwenzako ndiye anayetangulia, kaa naye mezani leo, msome pamoja kila swali linalohusu familia, uone jina lako limeandikwa.

Na mkikataliwa, someni barua ya kukataliwa mstari kwa mstari. Mara nyingi inataja karatasi iliyokosekana, na kuomba upya na karatasi hiyo kunaweza kuwa haraka kuliko rufaa. Kama ni rufaa, angalieni ni ya nani. Uingereza, mwombaji aliye nje ndiye anayekata rufaa, ndani ya siku 28. Kanada ni kazi ya mdhamini, na ana siku 30. Huko barua ikikufikia wewe, mpelekee mwenzako siku hiyohiyo, na bahasha yake yenye tarehe iwekeni.