Mjonso wa Mahale na kazi ya mwanakemia

(Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wazee wa Kigoma, kama ulivyotolewa)

Mgeni rasmi, walimu, wazee wetu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wazee. Wengine nyote, habari za mchana.

Maswali mliyoniandikia yanarudi mahali pamoja: profesa wa kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, hufanya kazi gani hasa? Kufundisha mnakujua. Mnachouliza ni utafiti. Nitawajibu kwa mmea mmoja ambao baadhi yenu mnao nyuma ya nyumba. Vitabuni unaitwa Vernonia amygdalina. Watongwe wa kusini mwa mkoa wetu wanauita mjonso, na majirani zetu Warundi wanauita umubirizi. Ni mchungu kwelikweli. Watongwe huutumia kwa malaria, minyoo na tumbo la kuharisha. Nigeria na Kamerun majani yake ni mboga, ila yanafikichwa na kuoshwa kwanza mpaka ule uchungu upungue.

Mwezi Novemba 1987, katika Milima ya Mahale, watu wawili walikuwa wakimfuatilia sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Mmoja alikuwa Michael Huffman, mtafiti aliyetoka Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Wa pili alikuwa Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, ofisa wa wanyamapori na mganga aliyerithi elimu ya miti kwa wazee wake. Chausiku alikuwa mgonjwa, amejilaza tu wakati wenzake wanakula. Akaufuata mjonso, akavunja chipukizi, akamenya ganda, majani akayaacha. Alichotafuna ni kile kiini laini cha ndani. Akafyonza maji yake, makapi akayatema. Mzee Kalunde ndiye aliyemwambia mwenzake kwamba ule mti ni dawa kali kwa watu wake. Ilipofika kesho yake mchana Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu. Makala yao ilitoka mwaka 1989 ikiwa na majina mawili, la Huffman na la Seifu.

Naomba wanafunzi mlishike hilo la majina. Kuna makala nyingi za mitishamba ya Afrika ambamo aliyeonyesha mti anatajwa kama "mwenyeji mmoja", au hatajwi kabisa. Mimi nalihesabu kuwa ni dhuluma, na nimewaambia wanafunzi wangu hivyo miaka yote niliyofundisha. Bila mzee Kalunde, wangeandika tu kwamba sokwe alitafuna kijiti.

Sasa ndipo mwanakemia anapoingia. Mjonso wa Mahale ulipelekwa Kyoto, kwa Profesa Koichi Koshimizu na Profesa Hajime Ohigashi. Swali lao halikuwa kama mti ni dawa. Hilo waliambiwa na Watongwe. Waliuliza: ndani ya mti huu kuna kitu gani, kiko sehemu gani, na ni kiasi gani?

Kazi yenyewe huenda hivi, iwe Kyoto au Dar es Salaam. Kwanza unakausha tawi lenye majani na maua, unalihifadhi kwenye hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, pamoja na namba yake, ili miaka hamsini baadaye mtu aweze kuhakikisha ulichunguza mti upi. Ukiruka hatua hiyo, kila kinachofuata hakina thamani. Kisha unakausha majani kivulini, unasaga, unaloweka kwenye methanoli, aina ya alkoholi, unachuja, unaondoa methanoli kwa joto dogo. Unabaki na kitu kizito cheusi chenye mamia ya misombo, yaani kemikali mbalimbali, iliyochanganyika. Kuitenganisha ndiyo kazi inayokula miaka. Unamimina mchanganyiko juu ya bomba lililojazwa unga wa silika, unaupitishia kimiminika polepole. Ni kama watu wanaokatiza Soko la Mwanga: mwenye jamaa wengi husimama kila genge, asiye na mtu anapita moja kwa moja. Misombo inayopenda silika huchelewa, isiyoipenda hutangulia, nawe unaikinga chini mmoja baada ya mwingine kwenye vichupa. Kila kichupa unakijaribu juu ya mnyoo au kimelea. Kilichofanya kazi unakitenganisha tena, na tena, mpaka kilo za majani zinabaki miligramu chache za kitu kimoja safi. Hapo ndipo mashine zenye sumaku kubwa zinakuonyesha jinsi atomi za kaboni na hidrojeni zilivyoungana, na wewe unakaa na karatasi na penseli ukijenga umbo la molekuli ambayo pengine hakuna mtu aliyewahi kuichora. Wanangu, raha ya siku hiyo siwezi kuilinganisha na mshahara wowote.

Kyoto walipata makundi mawili. Kundi la kwanza ni laktoni za seskiterpeni, aina ya kemikali chungu za mimea, mojawapo ikiitwa vernodalini. La pili ni steroidi zilizoungana na sukari, ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, wakaziita vernoniosaidi. Walipopima sehemu kwa sehemu, vernodalini ilijaa kwenye majani na kwenye ganda, na katika majaribio ya panya ilionekana kuwa na sumu. Vernoniosaidi B1 waliikuta kwenye kiini pia. Ndani ya glasi ilipunguza mwendo wa minyoo ya kichocho cha aina ya Asia na kuizuia kutaga mayai.

Kumbukeni Chausiku alitupa nini na alitafuna nini. Ganda na majani, penye sumu nyingi, aliviacha. Nimefundisha habari hii mara nyingi na bado inanistaajabisha. Baadaye Huffman na wenzake walimfuatilia jike mwingine, wakahesabu mayai ya minyoo ya utumbo katika kinyesi chake. Kabla ya kutafuna mjonso yalikuwa 130 kwa gramu; saa 20 baadaye yalikuwa 15.

Hata hivyo, naomba nisieleweke vibaya na mtu akaenda kuchemsha ndoo nzima ya mjonso leo usiku. Sokwe mmoja si hospitali. Minyoo kulegea kwenye glasi hakumaanishi itatoka tumboni mwa mtoto wa Ujiji. Na mti wenye dawa na sumu ndani yake ndio hasa unaodai kipimo. Wazee waganga waliopo hapa wanalijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana wanasema sehemu fulani, kiasi fulani.

Kemia nayo huweza kutupotosha, na Mahale na Gombe zimetupa mfano mzuri. Mwaka 1983 Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika kuhusu sokwe wanaomeza majani ya mmea uitwao Aspilia mazima mazima, bila kutafuna. Miaka miwili baadaye wanakemia wakatangaza kwamba majani yale yana thiarubrini A, kemikali nyekundu yenye salfa inayoua vimelea. Habari ikaenea duniani. Wenzao walipochunguza tena majani hawakuikuta. Na kulikuwa na jambo lililopaswa kututia shaka mapema: jani lilikuwa likitoka kwenye kinyesi likiwa zima, limekunjwa. Kama dawa ni kemikali, kwa nini lisitafunwe? Uchunguzi wa baadaye ulikuta minyoo ikitoka pamoja na majani hayo, mingine ikiwa hai. Ni vinyweleo vya jani, ule ukwaruzo wake, vinavyosafisha utumbo. Nami ni mtu wa kemia, lakini jibu pale lilikuwa nje ya kemia, na waliorudia kipimo walitufanyia kazi kubwa kuliko waliotangaza.

Tuna watu wetu pia. Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walipima mimea ya Tanzania dhidi ya kimelea cha malaria, na mwaka 1991 wakachapisha matokeo ya jenasi ya Uvaria, kundi la mimea jamaa, pamoja na misombo yake. Mtandao wa NAPRECA, ulioanzishwa mwaka 1984, umewaunganisha wanakemia wa mimea wa Afrika Mashariki na Kati ili mwenye sampuli asiye na mashine amfikie mwenye mashine. Njia ya kufika huko ni ndefu: shahada ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha miaka ya kuchapisha kabla ya kuitwa profesa. Sitawaficha kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo ni kungoja, kemikali zifike, umeme urudi, majibu ya sampuli yatoke nchi nyingine.

Hilo la mwisho ndilo linalonikera. Mjonso umeota Mahale, aliyeujua ni Mtongwe, na mwanafunzi wa Kigoma anayetaka kuona molekuli yake hana budi kuuvusha bahari. Sumaku ile ni ghali, nakubali, lakini silika, methanoli na mabomba ya kioo si vitu vya kushindikana katika mkoa wenye msitu kama huu. Walimu wa kemia, hatua za kutenganisha rangi za majani mnaweza kuzifanya kwa karatasi ya kuchujia na spiriti. Nimekuja na vifaa vya kutosha meza nne pale nyuma, pamoja na tawi la mjonso lililokaushwa, lina maua yake.

Wanafunzi watakuja mezani kwa makundi. Kabla ya hapo naomba wazee waganga waanze kwa maswali, na kama kuna nililolitaja kuhusu matumizi ya mti huu ambalo ninyi mnalijua vingine, nisahihisheni hapa mbele ya wanafunzi. Kipaza sauti kiko upande wa kushoto.