Hataza kwa Viumbe wa Udongo: Cha Kulindwa na Cha Kuachwa Wazi

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya watafiti wa kilimo, wenye maduka ya agroveti na viongozi wa vyama vya wakulima)

Waheshimiwa viongozi wa vyama vya ushirika, watafiti wenzangu, wakulima na wafanyabiashara, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nieleze iwapo bakteria au kuvu aliyetolewa katika udongo wetu, akazalishwa na kutiwa katika pakiti ili apakwe kwenye mbegu, anaweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kwa muda maalumu, na iwapo hataza hiyo ina manufaa kwetu. Jibu langu nalitoa mapema. Sheria ya Kenya haijaufunga mlango huo, lakini kwa bidhaa nyingi za namna hii naona ni heri kiumbe mwenyewe aachwe wazi kwa wote, na ulinzi utafutwe katika njia ya kumzalisha, kumhifadhi na kumuuza.

Biashara hii si changa. Katika miaka ya 1880, Hellriegel na Wilfarth walionyesha nchini Ujerumani kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi, na mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi akafaulu kuwatenga bakteria wanaofanya kazi hiyo. Haikupita miaka 10 kabla ya Nobbe na Hiltner kupata hataza ya Marekani, mwaka 1896, kwa chanjo yao ya mbegu, yaani bakteria hao waliotayarishwa kupakwa kwenye mbegu, iliyouzwa kwa jina la Nitragin.

Kesi iliyotikisa jambo hili ilikuja mwaka 1948, kati ya kampuni mbili za Marekani, Funk Brothers na Kalo. Mvumbuzi aliyeitwa Bond alikuwa ametambua kwamba nasaba fulani, yaani koo, za rizobia, hao bakteria wa vinundu, zinazohudumia mimea tofauti, zinaweza kukaa pamoja bila kudhoofishana, hata pakiti moja ikatosha mahali ambapo mwenye duka alilazimika kuweka pakiti kadhaa. Mtu yeyote aliyewahi kuuza pembejeo anaelewa ukubwa wa nafuu hiyo. Hata hivyo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha madai yake, kwa hoja kwamba tabia ya nasaba hizo kutodhuriana ni ya maumbile, na kwamba kuchanganywa kwao hakukumpa bakteria yeyote kazi ambayo hakuwa nayo. Ilipofika 1980, mahakama hiyohiyo, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilimruhusu Chakrabarty kupata hataza ya bakteria aliyembadilisha ili aweze kuvunjavunja mafuta ghafi, kwa kuwa huyo hakupatikana popote katika maumbile. Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja, unaona kinachoangaliwa ni kile ambacho mkono wa mtu umeongeza.

Kwetu, Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2001 haihesabu ugunduzi mtupu kuwa uvumbuzi, na inaziondoa aina za mimea katika hataza kwa sababu zina sheria yake, lakini inasema waziwazi kwamba kuondolewa huko hakuhusu mazao ya michakato ya kibioteknolojia. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani nao unaziruhusu nchi kukataa hataza za mimea na wanyama, ila si za vijidudu. Kwa hiyo anayekwenda KIPI, taasisi inayotoa hataza nchini, akiwa na bakteria aliyemtoa kwenye kinundu cha maharagwe huko Vihiga, bila la ziada, atakuwa amebeba ugunduzi. Akienda na njia mpya ya kumfanya bakteria huyo aishi miezi mingi katika duka lenye joto la Kisumu, amebeba kitu kinachoweza kulindwa kwa miaka 20.

Tazameni Biofix, chanjo ya mbegu za jamii ya kunde ambayo wengi wenu mnaiuza. Ilianzia katika maabara za Chuo Kikuu cha Nairobi, na inazalishwa kwa leseni na kampuni ya MEA huko Nakuru. Kwa kuwa hatuna mboji ya vinamasi wanayoitumia Ulaya, watafiti waligeukia matope ya kuchujia yanayobaki katika viwanda vya sukari, wakayafanya makao ya bakteria. Nasaba ya soya ni USDA 110, kutoka hazina ya umma ya Marekani. Ya maharagwe ni CIAT 899, iliyotoka Kolombia. Hakuna aliyetudai mrabaha kwa nasaba hizo. Thamani ya bidhaa imo katika matope yale, katika usafi wa kiwanda, na katika jina lililoandikwa kwenye pakiti. Kabla hatujashindana kufungia nasaba za Busia na Siaya, tukumbuke kwamba soya yetu inakua kwa ukarimu wa hazina za wengine.

Brazili imeifuata njia hii kwa uwazi zaidi. Sheria yake ya 1996 inakataa hataza kwa kiumbe wa maumbile hata akitengwa, ingawa inaruhusu vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba. Taasisi za umma hupima nasaba na kuzipendekeza, kisha kampuni hushindana kwa ubora. Nchi hiyo ni miongoni mwa zinazotumia chanjo za soya kwa wingi kuliko zote duniani, na sioni dalili kwamba kuachwa wazi kwa nasaba kumewafukuza wawekezaji.

Na ubora ndio kidonda chetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopima bidhaa 65 za kibiashara, ulikuta kwamba ni asilimia 37 tu zilizokuwa safi, na kwamba asilimia 40 hazikuwa na nasaba iliyotajwa hata kidogo, bali vijidudu wageni watupu, vilivyoingia bila kukusudiwa. Hataza haimwambii mkulima lolote kuhusu hilo, maana ofisi ya hataza haihesabu bakteria walio hai ndani ya pakiti. Ningependa kuona nusu ya bidii tunayoitumia kuzungumzia umiliki ikihamia katika upimaji.

Simaanishi kwamba kila anayekuja achote udongo wetu na kuondoka. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai fungu lake katika vimeng'enya ambavyo kampuni ya Genencor ilivipata kutokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, vikatumika kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Kanuni za mazingira za 2006 zinamtaka mtafiti apate kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ridhaa ya wenyeji kabla ya kuchukua rasilimali ya kijenetiki. Kuacha nasaba wazi ni uamuzi wa mwenye mali, nao hufanywa kwa maandishi na kwa masharti.

Kwa watafiti vijana nina neno moja la kiutendaji. Sheria yetu inakupa miezi 12 ya kuwasilisha ombi baada ya wewe mwenyewe kuchapisha matokeo, lakini Ulaya haitoi nafasi ya namna hiyo. Makala moja katika jarida, au bango moja kwenye kongamano, linaweza kukufungia soko hilo kabisa.

Limebaki swali ambalo mwenyekiti mmoja aliniuliza tulipokuwa tukiingia, kuhusu kayongo, au kichawi kama wengine wanavyoliita gugu hilo linalonyonya mizizi ya mahindi. Huko Kakamega hutengenezwa Kichawi Kill, kuvu wa jamii ya Fusarium aliyeteuliwa kwa sababu anatoa kwa wingi asidi-amino zinazolidhuru gugu. Majaribio yake ya 2014 yalifanywa katika mashamba 500 ya magharibi mwa Kenya. Kuvu huyo husafirishwa akiwa amekaushwa kwenye vijiti vya meno, kisha huzalishwa kijijini kwa wali uliopikwa, na kutiwa katika shimo la mbegu. Tuseme bidhaa ya namna hiyo ina hataza: je, mama anayepika wali na kumkuza kuvu huyo jikoni mwake anavunja sheria? Kifungu cha 58 cha sheria yetu kinasema haki za mwenye hataza zinahusu tu vitendo vya kiviwanda au vya kibiashara, na kwamba haziendelei juu ya kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukiuza. Akikuza kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake, naona yuko salama. Akianza kumuuzia jirani kopo la wali huo, amekaribia mpaka, na hapo mkataba kati yake na kampuni utamfaa kuliko hoja yoyote ya wakili, hasa ukiwa umeandikwa kwa lugha anayoisoma na kutaja bei, eneo lake la kuuzia, na nani atalipa iwapo kuvu atakuwa ameingiliwa na wageni.