Kalenda ya Mtaji

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie mitaji ya wajasiriamali wanaojenga uchumi unaohuisha, yaani biashara ambayo kadiri inavyoendelea, ndivyo udongo, maji na watu wanaoitegemea wanavyozidi kupata nguvu. Tunaambiwa kila mara kwamba tatizo ni uhaba wa fedha. Mimi naona adimu zaidi ni fedha yenye kalenda inayolingana na kazi yenyewe.

Chukueni mkulima anayeacha mbolea na dawa za viwandani. Kwa kanuni za Marekani, shamba lake lazima litimize miaka 3 bila kutiwa kitu kilichokatazwa kabla ya mavuno yake kuuzwa kwa nembo ya kilimo hai. Katika miaka hiyo mavuno mara nyingi hushuka, kwa kuwa udongo uliozoea kulishwa haujarudisha uhai wake, na bei anayolipwa ni ile ile ya kawaida. Gharama zimetangulia, faida iko mbali. Sasa mpeni mkopo wenye rejesho la kwanza baada ya siku 30, na shamba lenyewe ndilo rehani. Ukame ukipiga mwaka wa pili, atarudia dawa alizoziacha. Mkopo umeizima kazi uliyokuja kuisaidia, na wala mkopeshaji hakukusudia ubaya.

Mtaji wa hisa nao una kalenda yake. Mifuko inayowekeza katika biashara changa kwa kawaida huundwa kwa muda wa miaka 10 hivi: mwanzoni inanunua hisa, mwishoni inauza ili wenye fedha walipwe. Kwa kuwa biashara nyingi kati ya hizo hazitarudisha mengi, meneja hutegemea moja au mbili zitakazolipa mara nyingi zaidi ya kilichowekwa. Hesabu hiyo imefaa kwenye programu za kompyuta. Kwa anayepanda miti itakayokomaa baada ya miaka 25, ni amri ya kuuza kabla kazi haijaiva.

Ipo njia ya kulipwa kutokana na mapato. Mwekezaji hupokea asilimia fulani ya mauzo mpaka jumla ifikie kiwango walichokubaliana, tuseme mara 2 ya alichotoa, kisha mkataba unakwisha. Msimu ukiwa mbaya, malipo yanapungua yenyewe. Naipenda njia hii, lakini msiisaini kwa pupa. Asilimia inakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo humbana hata anayepata hasara. Mkulima wetu angehitaji kwanza muda wa kutolipa kitu, na pengine ruzuku ya kumvusha ile miaka 3.

Linalonigusa zaidi ni umiliki. Tunalo neno wakfu, nasi tunajua maana yake: mali iliyotengwa kwa kusudi, haiuzwi. Mwaka 1889, mwanafizikia Ernst Abbe alianzisha wakfu kule Ujerumani, ambao baadaye ulikabidhiwa kampuni ya Carl Zeiss inayotengeneza lenzi, na hadi leo wakfu huo ndio mmiliki wake. Mwaka 2022, familia ya Yvon Chouinard, mwanzilishi wa kampuni ya nguo ya Patagonia kule Marekani, iliikabidhi kampuni hiyo kwa namna inayofanana na hiyo: hisa zenye kura, asilimia 2 ya hisa zote, zikaenda kwa wadhamini wanaolinda kusudi la kampuni, asilimia 98 zisizo na kura zikaenda kwa shirika la kutetea mazingira.

Najua swali linalokuja, kwa maana huulizwa kila ninapolizungumza jambo hili: kampuni isipouzwa, mwekezaji atatokaje? Atatoka polepole. Kampuni yenyewe inanunua hisa zake, fungu kwa fungu, kutoka kwenye faida, kwa bei iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Anayeingia anajua atapata nini. Anajua pia kwamba kama faida itachelewa, naye atangoja.