Mshindi Tunamjua, Waliosikia Wako Wapi?

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, vijana wa bendi mliokuja na tarumbeta zenu, asanteni. Wanaonifahamu wanajua nitakalolisema, kwamba tuwarekodi wazee waliopiga na waliosikia wakiwa bado hai, maana nimelisema kwenye semina, nimelisema kwenye misiba ya wapigaji wenzetu, na nitaendelea kulisema mpaka lifanyike. Muda wenyewe mfupi, kwa hiyo sitauchoma kwa kueleza kwa urefu vikosi vya ngoma na tarumbeta vya Marekani, bendi za vijana zinazoshindana uwanjani zikipiga huku zikitembea, ni vitu gani. Video zao mnazo kwenye simu, na nimewasikia wapiga ngoma wetu hapo nje wakijaribu mapigo yao. Naingia moja kwa moja mwaka 1993.

Agosti 1993, mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, fainali za Drum Corps International (DCI), chama kinachoendesha mashindano ya vikosi hivyo. Ubingwa unagombewa na Cadets of Bergen County wa New Jersey na Star of Indiana wa Bloomington. Cadets wamechagua muziki wa David Holsinger, muziki wa wafalme wanaokwenda vitani, na watu wanaupenda. Star wamechagua Samuel Barber na Béla Bartók, watunzi wa muziki wa ukumbini. Mpiga tarumbeta yeyote humu ndani anajua maana yake. Bartók si mtu unayempelekea uwanja mzima wa watu waliokuja kupiga makofi usiku wa mwisho wa msimu. Pale ambapo sikio linangoja kishindo, yeye ananyamaza. Pale ambapo unadhani wimbo umefika nyumbani, anakata kona.

Na vijana wa Star hawakuishia kutembea kwa mistari. Waliinama, wakajipinda, wakaufanya mwili wote useme ghadhabu ya Medea, yule mama wa hadithi za Wagiriki aliyewaua wanawe ili amuumize baba yao. Vijana hao, mkubwa wao ana miaka 21 au ndiyo kwanza anatimiza 22, kwa sababu umri ukizidi hapo unaaga, huna msimu mwingine. Fikirini uzito huo. Kwa wapigaji kadhaa, usiku ule ndio ulikuwa wa mwisho maishani mwao kusimama uwanjani na sare ya kikosi.

Wapo watazamaji waliozomea. Ndiyo, waliwazomea vijana wale. Kinyongo kilikuwepo tangu zamani: kikosi cha Star kilianzishwa mwaka 1984 na tajiri wa vifaa vya hospitali, Bill Cook, kikaingia fainali msimu wake wa kwanza, 1985, na mwaka 1991 kikawa bingwa. Vikosi vilivyojengwa kwa miaka arobaini ya michango ya wazazi na mauzo ya keki havikufurahi kuona mgeni anaingia na mabasi mazuri. Kwa hiyo kuna waliozomea muziki, na kuna waliozomea pesa, na sauti zao zilichanganyika.

Matokeo: Cadets 97.4, Star 97.3. Sehemu moja ya kumi. Star hawakurudi tena mashindanoni. Waliungana na Canadian Brass, kundi la wapiga tarumbeta, kufanya maonyesho, kisha kazi ile ikakua ikawa onyesho la jukwaani, Blast!, lililofunguliwa London mwaka 1999, likafika Broadway mwaka 2001 na kuchukua tuzo ya Tony, tuzo ya maonyesho ya jukwaani. Na onyesho lile lililozomewa? Leo wengi wa wanaoufuatilia mchezo huu wanalitaja miongoni mwa maonyesho makubwa kuliko yote yaliyowahi kuchezwa. Waliokuwepo bado wanagombana juu yake. Kuna wanaosema majaji walikosea, kuna wanaosema Cadets walistahili kabisa, kuna wanaosema muziki ule ulikuwa wa ukumbini na haukuwa na haki ya kuletwa uwanjani.

Sasa nawauliza. Mngekuwa na jedwali la matokeo peke yake, mngejua nini? Mngejua mstari mmoja: nafasi ya pili, Star of Indiana, 97.3. Kuzomewa kusingekuwemo. Kinyongo cha pesa kusingekuwemo. Mabadiliko ya masikio ya watu katika miaka thelathini kusingekuwemo. Hayo yote yanaishi katika vitu viwili tu: rekodi ya usiku ule, na vinywa vya waliokuwepo. Ukiwa na rekodi bila wazee, unasikia noti na hujui kwa nini watu walichukia. Ukiwa na wazee bila rekodi, unabaki kuamini kila unachoambiwa. Mimi nataka vyote viwili, na sitaki kuambiwa nichague.

Hapa kuna mtu anajiandaa kuniambia kwamba majaji ni watu waliosomea, watazamaji ni mashabiki tu, kwa hiyo alama zinatosha. Namjibu kabisa, maana swali hili nimechoka nalo.

Mpaka mwaka 1983 majaji wa mashindano haya walikuwa na mfumo wa kukata. Jaji anatembea uwanjani katikati ya wapigaji, ubao wa karatasi mkononi, anaweka sikio karibu na ngoma ya kijana na kusubiri akosee. Kosa moja, sehemu moja ya kumi inaondoka. Mwenzake anaangalia miguu: mguu umetangulia, kata, mstari umepinda, kata. Mfumo ule uliondolewa msimu wa 1984. Wazee wa zama zile wamegawanyika mpaka leo. Kuna wanaosema usafi wa upigaji uliondoka siku ileile, kwamba ngoma za miaka ya 1970, hasa za Santa Clara Vanguard chini ya Fred Sanford, zilikuwa safi kwa sababu kila pigo lilikuwa na bei yake. Wengine wanasema kikosi kilichokuwa kikihesabiwa makosa hakikuthubutu kujaribu jambo gumu.

Mimi nawasikiliza wote wawili, kisha nawaonyesha Garfield Cadets wa 1983, ndio walewale Cadets kwa jina lao la zamani. Msimu wa mwisho wa kukata alama, na George Zingali akawapangia mienendo ambayo ilikuwa haijaonekana: maumbo yanayopinda, yanayofumuka upande mmoja huku upande mwingine ukijifunga, watu wanakimbia wakipiga. Walishinda, tena wakashinda 1984 na 1985, kikosi cha kwanza kuchukua ubingwa wa DCI mara tatu mfululizo. Kwa hiyo hata hoja ya woga haijakamilika. Lakini angalieni tulivyofika hapo: kwa ubishi wa wazee waliobeba mambo kichwani, ukiwekwa kando ya rekodi. Karatasi ya jaji ya 1983 inaonyesha makosa yaliyohesabiwa. Haionyeshi kwamba watu waliruka kutoka kwenye viti.

Na wa pili yuko pale nyuma, nimemwona anatikisa kichwa: wazee hutia chumvi. Sawa, hutia. Mpeni mzee miaka arobaini, kila uwanja aliocheza unakuwa umejaa na kila noti yake inakuwa safi. Basi irekodini chumvi yenyewe! Chumvi ya mzee inakuonyesha alichokithamini. Akikudanganya kuhusu idadi ya watu, rekodi itamsahihisha. Akikwambia kwamba kabla ya kuingia uwanjani walishikana mikono gizani na hakuna aliyesema neno, hiyo hutaipata kwenye rekodi yoyote.

Wamarekani wamebahatika katika hili, na bahati yao waliitengeneza wenyewe. Kampuni ya Fleetwood ya Revere, Massachusetts, ilikuwa ikiingia viwanjani na kutoa sahani za santuri za mashindano haya. Televisheni ya umma ikarusha fainali tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo mtu aliyepiga Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, kwenye ubingwa wa kwanza kabisa wa DCI ambao Anaheim Kingsmen waliuchukua, anaweza kujisikia akiwa kijana. Na wale Kingsmen nawapenda kwa jambo moja. Kikosi chao kilikufa zamani. Mwaka 2007 fainali zilipofanyika Rose Bowl, Pasadena, jirani na kwao, wazee wa Kingsmen walikusanyika, wakafanya mazoezi, wakaingia uwanjani wakapiga tena. Miaka 35 baadaye! Watu wenye wajukuu, wengine wamekwisha kustaafu kazi, wanapiga mbele ya uwanja uliojaa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule wa ubingwa. Mcheza kwao hutunzwa, na siku ile walitunzwa kweli.

Wangewezaje bila rekodi? Na rekodi ingewasaidia nini kama kusingekuwa na mtu anayekumbuka nani alisimama wapi?

Haya, naingia kwenye lile mnalolingojea: yanatuhusu nini sisi? Tafadhali msiniulize tena baada ya leo. Vikosi vya Marekani vilikua mikononi mwa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. American Legion ilianzishwa mwaka 1919, na matawi yake yakaunda vikosi vya ngoma na tarumbeta za kijeshi, kwanza vya wenyewe maveterani, kisha vya vijana wa mitaa. Vita hiyohiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyowabeba askari na wapagazi wa huku kwetu kutoka pwani hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, na wao walikwenda na beni, ngoma ya kuiga bendi na gwaride la kijeshi. Beni ilikuwepo pwani tangu miaka ya 1890: Lamu, Mombasa, kisha Tanga na Dar es Salaam. Vikundi vilishindana: Kingi na Skochi, Marini na Arinoti. Sare, vyeo, gwaride, nyimbo za kuchambana, mashindano ya mtaa kwa mtaa ambayo watu walitumia mali mpaka wakaingia madeni ili tu wapinzani waaibike. Kutoka humo wenzetu wa Malawi wana ngoma za malipenga na mganda, wa Zambia wakapata kalela.

Kwa hiyo kama kuna watu duniani wanaoelewa mzee wa Kimarekani anayelia akisikia tarumbeta za 1972, ni sisi. Tulikuwa na mashindano yetu, na mashabiki waliogawana mji, na washindi waliotembea vifua mbele.

Sauti iko wapi? Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni, kikatoka mwaka 1975, na ni kitabu kikubwa. Lakini sehemu nzuri ya alichokuwa nacho ni ripoti za maofisa wa kikoloni, watu waliokuwa wakiogopa kwamba vijana wenye vyeo vya King na Kaiser wanapanga uasi. Yaani mashindano ya Arinoti na Marini tunayasoma kwa macho ya mtu aliyekuja kuyapeleleza! Sijamsikia aliyemketisha mpiga ngoma wa Marini akamwuliza: siku mliyowashinda Arinoti, mlipiga nini? Nani alizomewa? Hao wamekwisha kufa wote. Hiyo imepita, na inaniuma kila nikiisema.

Waliobaki ni waliowarithi. Zanzibar beni bado inatoka, kwenye harusi na kwenye sherehe, na wapo wanaokumbuka ilivyokuwa walipokuwa watoto. Wapo wapiga tarumbeta wa makanisa, wapo waliostaafu bendi za polisi na magereza na jeshi, wapo waliopigia mbio za shule za enzi zile. Hawa wako hai. Baadhi yao wako safu hii ya mbele, na naomba wasione haya, nawasema kwa heshima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia vyombo: kwamba tarumbeta za vikosi hivi zilikuwa za sauti ya G, kwanza za kitufe kimoja, baadaye viwili, mpaka mwaka 1990 vitufe vitatu viliporuhusiwa, na mwaka 2000 wakafungua mlango kwa tarumbeta za sauti yoyote, na wazee wengi hawajaisamehe mpaka leo mlio ule wa G uliopotea. Hiyo ingehitaji mhadhara wake. Nilitaka pia kuwasimulia Phantom Regiment wa 2008, waliowashinda Blue Devils kwa 0.025, kwa onyesho la Spartacus. Angalieni wenyewe usiku huu, na sikilizeni watu wanavyopiga kelele kabla muziki haujaisha. Na habari ya kikosi cha 27th Lancers wa Revere naiacha yote, samahanini.

Kwa hiyo nalisema kwa mpangilio wa kazi. Kila bendi iliyopo hapa ichague vijana wawili. Wamtafute mzee mmoja, wasimpelekee karatasi ya maswali ishirini, wampelekee sauti: kanda, simu yenye wimbo wa bendi yake, na kama hakuna, mmoja apige tarumbeta palepale sebuleni. Mzee akianza kusahihisha, “hapana, haikuwa hivyo, mlio wa pili unakuja mapema,” hapo ndipo mbonyeze kitufe cha kurekodi na mnyamaze. Msimkatize akiwasema vibaya wapinzani. Muulizeni waliposhindwa, si waliposhinda tu. Muulizeni nani alikuwa bora na hakupewa. Kisha nendeni kwa huyo mpinzani wake mkamwulize hayohayo.

Kuna meza pale mlangoni, ina daftari na vinasa sauti vya kuazima. Mzee wetu aliyepigia bendi ya reli amekubali kuanza leo, mara tu tukimaliza maswali, na amekuja na tarumbeta yake. Vijana wa kumsikiliza tafadhali mjiandikishe kabla ya kwenda kwenye chai.

Maswali. Wewe, mwenye shati jeupe.