MÁLAGA, HISPANIA: Usile Katikati ya Mji, Panda Basi Uende kwa Wavuvi

Assalamu alaykum, hamjambo huko nyumbani? Tanga, Pemba, Mombasa, Dar, wote. Leo siko Hamburg, kule Ujerumani ninakoishi, jua hili lenyewe limeshawaambia. Niko Málaga, kusini mwa Hispania, nimekaa juu ya ukuta wa ufukweni, na nyuma yangu kuna mzee anachoma samaki ndani ya mashua. Ndani ya mashua, ndiyo. Ngojeni, tutafika.

Kwanza niwamalizie habari ya visa, maana kila nikirusha video swali ni hilo hilo. Mimi nina kibali cha kuishi Ujerumani, kwa hiyo kutembea huku sihitaji visa nyingine. Wewe unayetoka Tanzania au Kenya lazima uombe visa ya Schengen, ile visa moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Wale mawakala wa "visa ya uhakika" sitaki hata kuwataja.

Haya, mji. Asubuhi nimepanda Alcazaba, ngome ya watawala Waislamu ya karne ya 11. Mguuni pake pana ukumbi wa maonyesho wa Warumi, ngazi za mawe zimejipanga nusu duara. Ulikuwa umefukiwa, watu wanapita juu yake hawajui, mpaka 1951 ulipogunduliwa wakati wa ujenzi. Kilichonifurahisha ni kwamba waliojenga ngome hawakupoteza kitu: nguzo za Warumi wakazing'oa, wakazipachika kwenye malango yao. Ukipita unaziona, kichwa cha nguzo cha Kirumi, juu yake tao la Kiarabu. Nendeni Jumapili kuanzia saa nane mchana, kuingia ni bure. Ila jua la saa hiyo, jamani, bebeni maji.

Juu zaidi kuna ngome nyingine, Gibralfaro, ya karne ya 14. Mkiisikia karne hiyo mkumbuke Kilwa nako watu walikuwa wanajenga Husuni Kubwa, jumba la sultani. Na kuna mtu mmoja aliyeiona miji yote miwili, Kilwa na Málaga: Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, akaandika kwamba chakula cha watu wa Mombasa ni ndizi na samaki. Mwaka 1350 akawa hapa Málaga, anasifia tini, lozi na zabibu. Yaani yule bwana, popote alipokwenda, aliangalia sinia kwanza. Ndiye mtu wangu yule.

Kanisa kuu nimelizunguka tu. Lina mnara mmoja, wa pili haukumalizwa, na wenyeji wanaliita La Manquita, yaani bibi aliyekatika mkono. Mchoraji Picasso alizaliwa hapa mwaka 1881, sanamu yake imekaa kwenye benchi pale Plaza de la Merced, na kupiga naye picha kuna foleni. Nimepita.

Mahali niliposimama sana ni sokoni, Atarazanas. Zamani palikuwa karakana ya kujengea meli, bahari ilikuwa inafika hapo mlangoni. Siku hizi maji yako mbali. Lango la mawe la zamani bado lipo, na juu yake zimechongwa ngao mbili zenye maandishi ya Kiarabu: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mji ulitekwa na wafalme Wakatoliki wa Hispania mwaka 1487, maandishi hayakufutwa. Sasa chini yake akina mama wanaburuta vikapu, wanagombana na muuza pweza juu ya bei. Soko linafungwa mapema mchana, na Jumapili halifunguliwi.

Sasa chakula. Katikati ya mji, kwenye zile meza zenye menyu ya picha kwa lugha sita, nimekula mara moja na imetosha. Samaki mkavu, mkate sikuuagiza na umo kwenye bili. Tena ukizunguka mitaa ile utaona stika kwenye milango ya nyumba za kupangisha watalii, zimeandikwa kwamba hii zamani ilikuwa nyumba yangu. Wenyeji kodi za pango zimewashinda. Juni 2024 waliandamana kwa maelfu. Sisemi msije, na mimi mwenyewe ni mgeni hapa, lakini ukiijua habari hiyo utaelewa kwa nini hao unaokutana nao katikati wengi ni watalii wenzako. Wenye mji wako pembeni.

Kwa hiyo panda basi namba 11, uelekee mashariki, ushuke Pedregalejo au uende mpaka El Palo. Hivi vilikuwa vijiji vya wavuvi. Nyumba fupi, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza mpira mchangani. Mashua zao za makasia zinaitwa jábega, na angalieni hii hapa, sogeeni karibu: kwenye omo imechorwa jicho. Watu wa Lamu mnacheka sasa hivi, najua. Majahazi yetu nayo yana macho.

Jambo moja tu limenisumbua. Bahari hii haipwi! Mtu wa Tanga nimekaa nangoja maji yatoke nione miamba, maji yako pale pale. Bahari ya Mediterania kujaa na kupwa kwake ni kidogo sana, hapa haifiki hata mita moja. Hakuna bamvua, hakuna akina mama kuteremka na vijiti kutafuta pweza. Na maji ni baridi. Wanasema ukivuma ule upepo wao wa bara, terral, nchi kavu inakuwa tanuri lakini bahari ndiyo inazidi kuwa baridi, kwa sababu upepo unayasukuma maji ya juu, yanapanda ya chini.

Haya, mzee na mashua yake. Mashua imejazwa mchanga, moto wa kuni za mzeituni umewashwa juu ya mchanga huo. Sadini wanatungwa kwenye kijiti cha mwanzi, watano sita, kijiti kinapita chini ya uti wa mgongo ili samaki akiiva asidondoke. Kisha kijiti kinachomekwa kwa kuinama, pembeni ya moto, siyo juu yake, na mzee anafuata upepo: ukigeuka, na yeye anavigeuza. Chumvi ya mawe, basi. Hakuna ndimu, hakuna pilipili. Inaitwa espeto. Nilidhani nitaikosa pilipili, sikuikosa.

Kwa Waislamu wenzangu, hapo ndipo pa kupumua, maana Hispania nguruwe anajificha hata kwenye biskuti. Hapa ni samaki na chumvi. Agizeni pia biringanya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa, yaani maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Miwa Waarabu ndio walioileta pwani hii, na kijiji cha Frigiliana mpaka leo kina kiwanda cha asali hiyo. Mje saa nane mchana, au usiku kuanzia saa tatu. Ukija saa kumi na mbili jioni ukiulizia chakula watakuangalia hivi.

Wanasimulia kwamba mfalme Alfonso XII alipokuja 1885, baada ya tetemeko la ardhi, akaletewa sadini, akashika uma. Mchomaji akamwambia: hapana Mtukufu, siyo hivyo, kwa vidole.

Basi na mimi zangu zimeletwa. Nazima kamera, mikono yote mafuta.